Farasi wa Niederwald na Meli ya Itungi

Kila zinapotajwa sanamu za ukoloni mabarazani, kauli huwa mbili, na zote mbili zimechakaa. Ya kwanza husema zivunjwe, kwa kuwa ni matusi yaliyomwagwa kwa shaba. Ya pili husema zihifadhiwe, kwa kuwa ni historia, na historia haitupwi jaani. Wenye kauli hizo hubishana hadi kahawa ikapoa vikombeni, na hakuna kati yao anayeuliza swali ambalo mpenzi wa ushairi ndiye aliyepaswa kuliuliza kabla ya wote: sanamu hii ilitungiwa shairi gani, na ni nani aliyelitunga? Shaba haina ulimi. Ikisimama peke yake juu ya mlima, baada ya vizazi viwili huwa kiota cha ndege. Kinachoifanya iogopwe, ipendwe au ichukiwe ni maneno yaliyotangulia kabla yake na maneno yanayoifuata. Mchonga sanamu hufanya nusu ya kazi. Nusu ya pili hufanywa na mshairi. Sanamu ikiangushwa, mchongaji hulaumiwa, na mshairi huachwa aende zake na vina vyake, bila hata kuulizwa alikuwa wapi.

Katika jambo hili washairi wa pwani na visiwani wana deni. Linadaiwa mbali na bahari, kwenye kona ya juu ya Ziwa Nyasa, mahali paitwapo Itungi.

Huenda msomaji wa kisiwani akauliza Itungi inamhusu nini. Ni bandari ya ziwani, kilomita chache kutoka mji wa Kyela, katika nchi tambarare ya Wanyakyusa yenye mpunga, migomba na kakao. Upande wa mashariki milima ya Livingstone imeangukia majini kama ukuta. Upande wa magharibi Mto Songwe unapita ukiitenga Tanzania na Malawi. Hapana minara wala misikiti ya mawe ya kale. Hata hivyo Unguja, Pemba na Itungi zimewahi kuandikwa katika karatasi moja, tena na kalamu zile zile. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wa kugawana wasivyokuwa navyo. Ujerumani iliridhia Unguja na Pemba ziwe chini ya ulinzi wa Waingereza, ikapewa kisiwa kidogo cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini; na katika makala za mkataba huo huo ukachorwa mpaka unaofuata ukingo wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi wa Ziwa Nyasa hadi mlango wa Songwe. Mpaka huo ulipita ufukweni, si katikati ya maji. Hadi leo Tanzania na Malawi hazijapatana ziwa ni la nani na kwa kiasi gani, na chanzo cha mzozo ni mstari ule. Kwa hiyo anayedhani kwamba habari za Kyela ni habari za bara, zisizostahili kurasa za jarida la visiwani, hajaisoma hati ya kuuzwa kwa nyumba yake mwenyewe.

Sasa na tuupande mlima, maana shaba inayozungumzwa hapa ilianza mbali.

Juu ya mji wa Rüdesheim, kwenye ukingo wa Mto Rhine, kuna mlima uliofunikwa mashamba ya zabibu, na kileleni mwake pamesimama mnara uitwao wa Niederwald. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1877, na mnara ukafunuliwa tarehe 28 Septemba 1883 mbele ya Kaisari Wilhelm wa Kwanza. Mchongaji wake alikuwa Johannes Schilling. Kimo cha mnara wote ni kama mita 38, na juu kabisa amesimama mwanamke wa shaba, Germania, ambaye si mtu bali ni nchi iliyovikwa nguo za mtu: mkono wa kulia umeinua taji ya kifalme, mkono wa kushoto umeshika upanga. Amejengewa kumbukumbu ya ushindi wa mwaka 1871, Ufaransa iliposhindwa na tawala nyingi za Kijerumani zikaungana kuwa dola moja.

Lakini anayekwenda kumtazama mwanamke huyo ameangalia pasipohitaji kuangaliwa. Cha kuangaliwa kiko chini yake. Kwenye uso wa mbele wa msingi kuna bamba kubwa la shaba lenye watu zaidi ya mia waliochongwa kwa kimo cha binadamu. Katikati yuko Kaisari juu ya farasi. Karibu naye yuko Bismarck, yuko Moltke, wako wana wa wafalme na majemadari, kila mmoja na sura yake, hivi kwamba aliyewafahamu angeweza kuwataja mmoja mmoja. Kando zake kuna picha nyingine mbili: askari akiaga jamaa zake, na askari akirejea. Huyo askari hana jina. Ana mke, ana mtoto, ana machozi, ila jina hana. Mchongaji alijua kazi yake. Aliwapa wakubwa sura na akawapa wadogo huzuni.

Siku ya kufunuliwa ilikaribia kuwa siku ya maziko. Kikundi cha wapinga serikali, kikiongozwa na mpanga herufi za chapa aitwaye August Reinsdorf, kilifukia baruti njiani ili kimlipue Kaisari na wote waliofuatana naye. Usiku ule mvua ilinyesha, utambi ukalowa, baruti haikuwaka. Reinsdorf alikatwa kichwa mwezi Februari mwaka 1885. Mwezi huo huo, tarehe 27, yule yule mpanda farasi wa Niederwald alitia sahihi barua ya ulinzi kwa kampuni ya Carl Peters, na yule yule aliyechongwa karibu naye, Bismarck, akaithibitisha kwa sahihi yake. Barua hiyo ilihusu Usagara, Nguru, Useguha na Ukami. Basi watu wa bamba lile si wageni wa mbali wasiohusika. Ni watia sahihi. Mswahili anayesimama mbele ya bamba la Niederwald anawatazama watu walioiandikia nchi yake barua bila ya kumjulisha.

Na shairi liko wapi? Liko pale pale, chini ya farasi. Maneno ya wimbo wa Kilinzi cha Rhine yamechongwa katika msingi wa mnara, na bamba zima limepewa jina la wimbo huo. Mtunzi wake, Max Schneckenburger, hakuwa mshairi wa ikulu. Alikuwa mfanyabiashara aliyeishi Uswisi. Aliutunga wimbo mwaka 1840, Ufaransa ilipotishia tena kuufikia Mto Rhine, akafariki mwaka 1849 akiwa na umri wa miaka 30, kabla Carl Wilhelm hajautilia sauti mwaka 1854 iliyoufanya uimbwe na maelfu. Hakuiona dola, hakumwona Kaisari wala mnara. Alitunga shairi la kuulinda mto, na baada ya miaka 43 shairi likabebeshwa farasi juu yake. Hapa pana funzo la ufundi ambalo watunzi wengi hawalipendi: shairi la kusifu haliulizi mwenyewe kabla ya kuajiriwa.

Kutoka mlima ule hadi Itungi ni hatua fupi kuliko inavyodhaniwa. Mwanajeshi aliyepelekwa na Bismarck kuivunja vita ya watu wa Mrima alikuwa Hermann Wissmann. Chini ya amri yake Bushiri bin Salim alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Baada ya hapo Ujerumani ilichezeshwa bahati nasibu kwa jina la kupiga vita utumwa, na fedha zilizokusanywa zikaunda meli ya mvuke iliyopewa jina la Wissmann mwenyewe. Meli hiyo ilisafirishwa vipande vipande kwa njia ya Zambezi na Shire, ikaunganishwa, na mwaka 1893 ikawa inaelea katika Ziwa Nyasa. Kituo cha kwanza cha serikali kilijengwa pembe ya kaskazini mashariki ya ziwa, katika nchi ya Wakisi, kikaitwa Langenburg kwa heshima ya mwana wa mfalme mmoja aliyekuwa rais wa Jumuiya ya Makoloni ya Kijerumani. Baadaye makao yalipandishwa milimani, Tukuyu, nako kukaitwa Langenburg Mpya. Hata Liuli, kwa sababu ya jabali lake linalofanana na mnyama wa Misri mwenye kichwa cha mtu, iliitwa Sphinxhafen. Ziwa zima likawa limeandikwa upya. Wakisi, ambao wanawake wao wanafinyanga vyungu vinavyosafiri kwa mitumbwi hadi mnada wa Lyulilo karibu na Matema, walikuwa wakijua kuumba kabla ya Schilling kuzaliwa. Hawakuulizwa jina la mahali pao.

Wissmann alikufa mwaka 1905 kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwinda nchini Austria. Mwaka 1909 akasimamishwa tena, safari hii kwa shaba, mjini Dar es Salaam. Sanamu hiyo ni Niederwald iliyopunguzwa kimo. Juu amesimama bwana mkubwa mwenye jina. Chini yupo askari Mwafrika, uso ameuinua kumtazama, akiitandaza bendera ya Ujerumani juu ya simba aliyekufa. Askari yule ni nani? Jeshi lililoshuka mwaka 1889 lilikuwa na Wasudani walioandikishwa Cairo na watu waliochukuliwa Msumbiji. Watu wa pwani yenyewe walikuja kuingia kwa wingi baadaye. Kwa hiyo hata yule aliyewekwa pale kuiwakilisha Afrika hatambulikani ni wa Afrika ipi. Simba naye hakuulizwa.

Waingereza waliichukua sanamu kama nyara ya vita, wakairudisha Ujerumani, na mwaka 1922 ikasimamishwa Hamburg mbele ya Chuo Kikuu, katika jengo la iliyokuwa Taasisi ya Makoloni, mahali ambapo Carl Meinhof alikuwa akifundisha lugha za Kibantu, Kiswahili kikiwamo. Wanafunzi waliiangusha mwaka 1967, ikasimamishwa, na mwaka 1968 wakaiangusha isiinuke tena. Ikawekwa ghalani. Mwaka 2004 msanii mmoja aliitoa na kuionyesha bandarini Hamburg kwa muda, watu wakajadiliana juu yake, kisha ikarudi gizani. Wajerumani wenyewe, basi, wamekwisha kuishughulikia shaba yao, vizuri au vibaya.

Waswahili wameishughulikia vipi nusu ya pili?

Hapa ndipo mazungumzo yanapobadilika sauti. Washairi wa pwani hupenda kumtaja Hemedi bin Abdallah el-Buhriy na Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, uliotungwa papo hapo wakati damu haijakauka na kuchapishwa na J. W. T. Allen mwaka 1955. Wana haki ya kumtaja. Humtaja pia Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, ambaye utenzi wake wa Maji Maji ulichapwa Berlin mwaka 1933 na baadaye ukafasiriwa na Whiteley. Hawa ni nguzo. Lakini nyumba ya nguzo mbili ina vyumba vingine vilivyofungwa. Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa serikali kabla ya kufundisha Kiswahili Berlin, alikusanya mashairi ya watu wa pwani na kuyachapa, mengine mwaka 1907, mengine mwaka 1917 na 1918. Katika makusanyo hayo wamo watunzi wa Mrima, wenye majina, wenye ilimu, wanaowasifu wakubwa wa Kijerumani. Umo pia utenzi wa Mwenyi Shomari bin Mwenyi Kambi juu ya kufa kwa Mkwawa: mauti ya mtu wa nyanda za juu yakisimuliwa kwa bahari za pwani, yakaishia katika kitabu cha Mdachi.

Vitabu vya shule havina mashairi haya. Mikutano ya ushairi haiyasomi. Akitajwa Velten, hutajwa kwa ajili ya desturi za harusi na za jando. Sababu si kwamba mashairi ni mabaya kiufundi. Yangekuwa mabovu, yangechekwa na kusahauliwa. Tatizo ni kwamba ufundi upo, na ufundi huo ulitumika kusafisha kiatu.

Wapo wasemao: walilazimishwa. Huenda baadhi yao walilazimishwa, na hakuna aliye hai anayeweza kumhukumu mtu aliyetunga huku mti wa kunyongea umesimama sokoni. Lakini utetezi huo unapotolewa kwa wote kwa mkupuo mmoja huwa tusi kwa Hemedi, aliyeishi chini ya mti ule ule na akatunga alivyotunga. Tena unawanyima watunzi wale kitu wanachostahili, nacho ni kusomwa. Mshairi hafichiwi aibu kwa kufichwa shairi lake. Likisomwa, yawezekana msomaji mwenye sikio akasikia humo sifa iliyopinda, sifa iliyotiwa chumvi hadi ikawa kejeli. Ushairi wa Kiswahili una ustadi wa kusema kwa mafumbo mbele ya mwenye nguvu, na Velten, pamoja na ilimu yake, hakuwa lazima ameyanusa yote. Yawezekana pia msomaji asisikie kejeli yoyote, akasikia njaa ya cheo tu. Vyote viwili ni maarifa. Kisichokuwa maarifa ni ukimya.

Wengine husema: yaliyopita si ndwele. Waambiwe hivyo watu wa Songea.

Waingereza nao hawakuja mikono mitupu. Mwaka 1927 walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya Askari, kazi ya James Alexander Stevenson, ambayo bado ipo, bayoneti ikielekea bandarini. Wengi huitumia kuelekezana njia na hawasomi yaliyoandikwa chini yake. Maneno hayo ni ya Rudyard Kipling, mshairi wa dola yao, nayo yamewekwa pia kwa Kiswahili, kwa hati ya Kiarabu na ya Kilatini. Aliyeyageuza kuwa Kiswahili hakutajwa. Kufichwa kwa mfasiri ni ada ya zamani, na hapa si dogo, kwa sababu asilimia kubwa ya walioyasoma kwa miaka karibu mia waliyasoma ya kwake na si ya Kipling. Maneno yenyewe yanawakumbuka askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, na yanatoa ahadi kuhusu majina: kwamba jina la aliyekufa vitani halitasahauliwa na watoto wake. Chini ya ahadi hiyo hapana hata jina moja.

Na ahadi hiyo ipelekwe Itungi ipimwe. Vita ile ilifika mapema katika ziwa. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliikuta meli ya Wissmann imepandishwa ufukweni Liuli ikitengenezwa, ikaipiga mzinga. Nahodha wa Kijerumani alikuwa bado hajapata habari kwamba kuna vita. Husimuliwa kwamba alimjia mwenzake wa Kiingereza, aliyekuwa rafiki yake wa kunywa naye, akimgombeza kwa utani huo mbaya. Vitabu vya Kizungu hukisimulia kisa hiki kwa kicheko, na kweli kinachekesha. Mwezi uliofuata Wajerumani wa Langenburg Mpya walivuka Songwe kuishambulia Karonga, wakarudishwa. Hapo hapana kicheko. Pande zote mbili za Songwe wanaishi watu wa asili moja, Wanyakyusa huku na Wangonde kule, na wote walibebeshwa mizigo: risasi, unga, machela ya majeruhi. Upande wa Nyasaland waliitwa tenga-tenga. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita hiyo ya Afrika Mashariki, wengi kwa kuhara na njaa kuliko kwa risasi. Mabwana wa meli mbili wanajulikana: Rhoades na Berndt. Aliyeyabeba maboksi ya risasi kutoka ufukweni ni nani? Mwishowe Waingereza waliiinua meli ya Wissmann, wakaipaka rangi, wakaiita King George. Chuma ni kile kile, jina limebadilika bwana.

Kwa hiyo wanapotokea wenye shauku na kusema kwamba jibu la sanamu ni sanamu, kwamba kila mlima wenye boma la Kijerumani upandishwe shujaa wa zege mwenye mkuki, ni vema waulizwe wanaiga kwa nani. Umbo hilo la mtu mkubwa juu, watu wasio majina chini, na wimbo pembeni, ni la Niederwald. Kubadili rangi ya mpanda farasi si kubadili bamba. Makumbusho ya Maji Maji ya Songea yana sanamu za machifu, na ubora wake hauko katika uchongaji. Uko katika ukweli kwamba wale ni watu wenye majina, walionyongwa mahali panapojulikana. Tarehe 27 Februari 1906 walinyongwa wengi kwa pamoja, miaka 21 kamili tangu barua ya Kaisari, siku kwa siku. Nduna Songea Mbano mwenyewe aliuawa katika siku zile zile. Jamaa zake wanaamini kichwa chake kilichukuliwa kupelekwa Ujerumani, na Rais Frank-Walter Steinmeier, alipofika Songea tarehe 1 Novemba 2023 na kuomba msamaha, aliahidi kwamba kitatafutwa. Fuvu la Mkwawa lilirudishwa Kalenga mwaka 1954, nalo lilikuwa limeandikiwa makala maalumu katika Mkataba wa Versailles. La Songea halina hata mstari. Mtu ana sanamu ya kichwa, na kichwa hana. Ikiwa hilo halimtoshi mshairi kuwa mada, mada gani itamtosha?

Kuna jambo lililotokea Itungi ambalo halikupangwa na mchongaji wala na mtunzi. Kwa miaka mingi, meli iliyotoka Itungi kuambaa na vijiji vya ukingo wa mashariki hadi Mbamba Bay iliitwa MV Songea. Waliompa meli jina hilo walikuwa na mji katika fikira zao, kama walivyokuwa na mji walipoiita ya pili MV Iringa. Lakini mji uliitwa kwa jina la mtu. Basi katika ziwa lile ambalo Wissmann alielea kwa fedha za bahati nasibu, na baada yake mfalme wa Uingereza, wauza dagaa, wanafunzi na wajawazito wakawa wanauliza kila wiki: Songea imefika? Songea inaondoka lini? Jina la aliyenyongwa lilitamkwa na watu wasiomsifu wala kumlilia, wenye magunia kichwani. Hapakuwa na msingi wa mawe, na hapakuwa na farasi. Meli zilizofuata, Ruvuma na Njombe zilizoundwa papo hapo Itungi, na Mbeya II iliyoanza kazi mwaka 2021, zimepewa majina ya mikoa. Utaratibu huo wa serikali ni wa busara kuliko wa wengi wanaodai minara. Hata hivyo mikoa hailii. Hakuna utenzi wa ziwa lile kwa Kiswahili unaofahamika na wasomaji wa pwani, ilhali Wanyakyusa wana utamaduni wa maombolezo na ngoma za mazishi mkubwa kiasi cha kuwaandikisha vitabu Godfrey na Monica Wilson tangu miaka ya 1930. Wafasiri wa Kiswahili wamefasiri Wagiriki, Waingereza na Warusi. Kuvuka kutoka Kinyakyusa kuingia Kiswahili hawajaona kama ni safari.

Ama kuhusu mashairi ya sifa, kazi yake haihitaji mnara, kamati wala mchango wa mawe. Inahitaji mhariri mmoja mwenye subira na mchapaji mmoja asiyeogopa. Yachapwe yote, bila ya kuchuja, ubavuni mwa Hemedi: shairi la kupinga ukurasa wa kushoto, shairi la kusifu ukurasa wa kulia, kwa tarehe zao na majina ya watunzi wao, na chini yake maelezo ya nani alisifiwa na alikuwa amefanya nini mwaka ule. Barua ya tarehe 27 Februari 1885 ifasiriwe iwekwe mwanzoni, na makala za mkataba wa 1890 zinazotaja Unguja, Pemba na Songwe ziwekwe zikifuatana kama zilivyofuatana. Wajukuu wa watunzi wale wangali pwani. Wengine ni watunzi pia. Wakihuzunika, na wahuzunike wakiwa na kitabu mkononi.

Mashairi yenyewe yapo tayari kwa hati ya Kilatini, kwa lafudhi ya Mrima ambayo msomaji wa Pemba ataifuata bila kamusi. Kilicho kwa Kijerumani ni tafsiri na maelezo ya Velten tu.